Ndoo Siku ya Picha

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Mimi ni mjumbe! Kusema kweli nimekuwa mjumbe mwezi mzima, tangu mjumbe wetu wa darasa la tatu ahame. Ila ni wa muda, na Ijumaa kwenye kikao cha wazazi kuna kura.

Kazi yenyewe nyepesi kwa mtu mwenye kipaji. Kila Jumatatu mchana karani wa shule anaandika matangazo ya wiki kwenye ubao wa getini. Mjumbe anasoma, kisha anawafikishia wazazi kwenye kundi la simu. Wengine huandika. Mimi natuma sauti. Hata mume wangu amekiri kwamba sauti yangu ni ya utangazaji, akaongeza kuwa inawafikia majirani bila simu.

Cheo chenyewe si kitu. Ninachotaka ni neno la shukrani. Mjumbe atakayechaguliwa ndiye atakayesimama mbele ya walimu wote kuwashukuru. Na mimi nina deni la shukrani. Mwaka jana binti yangu Kidosho alikuwa hawezi kuunganisha herufi mbili. Mwalimu wake, ambaye mwaka huu amepanda nao hadi darasa la tatu, akamshika mkono. Leo mtoto anasoma kila anachokiona: pakiti ya sabuni, bango la fundi viatu, hata maneno ya ukutani kule chooni sokoni, tena kwa sauti, ikabidi tuondoke mbio. Mwalimu kama huyo nimshukuru kimyakimya? Mimi na kimya hatujawahi kulala nyumba moja.

Mpinzani wangu ni Mama Pacha. Ana miwani. Anaandika ujumbe wenye nukta na mikato kila mahali kama amenyunyiza ufuta. Wiki iliyopita alinitangulia kutoa matangazo ya mjumbe, na hata si mjumbe!

Leo nimemweza. Nimemwalika saluni kwangu asukwe bure. Zawadi ya urafiki, nikamwambia. Nikamfumua kichwa kizima, nikasuka mistari miwili, nikasema naenda kununua uzi, nikatimua mbio hadi shuleni. Mtu mwenye nywele zilizosimama kama ameona jini haendi popote.

Karani alikuwa pembeni ya ubao, kitambaa kibichi mkononi, anaongea na simu. Akaniinulia mkono. Nikampungia na mimi. Nikapiga picha ubao, nikasoma, nikatuma hapo hapo: Jumatano, picha ya darasa la tatu. Kila mtoto aje na ndoo na nguo chakavu.

Wa kwanza! Nikarudi nikammalizia Mama Pacha nywele huku naimba.

Jumanne, 4 Machi

Maswali tangu asubuhi. Muuza mboga, mwenye mtoto darasa moja na Kidosho, akauliza picha na ndoo vinahusiana nini jamani. Mwingine akauliza chakavu kiasi gani, za kuvaa au za kupigia deki.

Hapo mjumbe afanye nini? Aseme hajui? Aibu gani hiyo! Nikawaeleza kwamba shule inataka picha ya kuonyesha watoto wetu wanapenda kazi, na picha itatundikwa kwenye ofisi kubwa. Ofisi ipi sikusema. Nimetia chumvi kidogo, ni kweli. Mboga bila chumvi nani anaila?

Mama Pacha akaandika kuuliza kama nina hakika nilisoma ubao wote, nukta. Wivu. Na nywele nimemsuka mimi.

Jioni nimempigia Kidosho pasi sare yake mpya. Nimemfunga na utepe. Mtoto wa mjumbe ni mfano. Akauliza ndoo yake iko wapi. Nikamwambia viongozi hawabebi ndoo.

Jumatano, 5 Machi

Balaa!

Watoto wote wamefika na matambara. Mmoja kavaa shati la baba yake linaburuza chini. Pacha wa Mama Pacha wamevaa suruali zenye viraka juu ya viraka. Ndoo za kila rangi. Katikati yao Kidosho wangu, mweupe pee kama yai lililomenywa!

Mpiga picha akamuuliza mwalimu kama amefika shuleni au mahali pa kuoshea magari.

Ndipo karani akatoka akaeleza mbele ya wote. Ubao anaufuta kuanzia juu. Juzi alikuwa ameshafuta nusu ya juu na kuandika tangazo jipya la picha. Nusu ya chini ilikuwa bado ya wiki iliyopita, ya usafi wa bustani wa darasa la saba. Mimi nikasoma wiki mbili kwa pamoja, nikazishona zikawa nguo moja. Ubao wenyewe ulipokamilika ulisema sare safi.

Wazazi wakamtazama Kidosho. Wakanitazama mimi. Muuza mboga akapaza sauti: “Ahaa! Kumbe wa kwetu wavishwe matambara ili wa mtu fulani ang'ae!” Nikaapa kwa jina la mama yangu mzazi. Hakuna aliyenisikia, na hiyo kwangu ni mara ya kwanza. Mama Pacha alivua miwani akaifuta, akaivaa. Iliniuma kuliko matusi.

Mwalimu akamwomba mpiga picha arudi kesho. Kisha akawaambia watoto kwamba kwa kuwa ndoo zimekuja zenyewe, leo darasa litaoshwa. Shangwe! Kidosho peke yake hakuweza kulowa. Basi mwalimu akampa kitabu, akamketisha juu ya meza karibu na mlango awasomee wenzake wakisugua.

Nilijibanza nje ya dirisha. Akasoma. Sauti ndogo, halafu ikakua. Akafika kwenye neno refu, akasimama, na mimi pumzi ikasimama. Akalivuka! Darasa zima likaangua kicheko kwa kisa kile, fagio juu. Nililia. Nikajifuta kwa aproni ya saluni, mafuta ya nywele yakaniingia machoni, nikalia upya.

Alhamisi, 6 Machi

Picha imepigwa, watoto safi. Kundi la simu linachemka. Kuna aliyesema kura yangu nikaitafute kwenye ndoo.

Nikapanga kumwangushia karani lawama. Kwa nini aache ubao nusu wiki hii, nusu wiki ile? Nikaenda ofisini na picha yangu kwenye simu kama ushahidi. Akaitazama kwa utulivu, akasema, “Mama, nilikuinulia mkono usubiri. Ukanipungia kama uko harusini.” Ushahidi ukarudi mfukoni.

Kwenye kibaraza mwalimu akaniita. Nikajua sasa ninaambiwa nisikanyage tena hapa shuleni. Badala yake alikuwa anacheka hadi anashika ukuta. Akasema darasa lake halijawahi kuwa safi hivi. Akasema pia kwamba muda mrefu alikuwa akimbembeleza Kidosho asome mbele ya wenzake, mtoto anakataa katakata, na asubuhi ya leo ameomba mwenyewe arudie. Mungu ampe maisha marefu mwalimu huyu. Mtu unamharibia siku yake ya picha, naye anakupa habari njema!

Kisha akanishauri kwa upole: nisipojua, niseme sijui, wazazi hawang'ati. Niliahidi. Nimeweka mkono kifuani kabisa.

Nikatuma sauti ya kuomba radhi kundini, ndefu, yenye machozi ya kweli. Mama Pacha akajibu: Imepokelewa. Na nukta yake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshindwa kura. Mikono mitatu tu. Wangu, wa mteja niliyemwahidi kumsuka rasta bure kesho, na wa tatu, siamini hadi sasa, wa Mama Pacha mwenyewe! Mikono iliyobaki yote kapewa yeye.

Nikakaa nikitazama viatu. Basi, nikawaza, shukrani zangu nitarudi nazo nyumbani.

Mwalimu mkuu akamwita mjumbe mpya atoe neno. Mama Pacha akasimama. Karatasi mkononi ikawa inapiga makofi peke yake. Midomo ikacheza, sauti hakuna. Akaketi, akaninong'oneza: “Mwenzangu, mimi kuandika naweza, kusema siwezi. Nenda wewe kwa niaba yangu. Na uwe mfupi, nakuomba.”

Nikaenda. Mfupi sikuwa. Niliwaambia kwamba wenzake wakinywa chai ofisini, mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amekaa na mwanangu kwenye ngazi, kidole juu ya herufi, mwaka mzima, na hakuniambia hata siku moja ili nimshukuru. Nikasema mimi shule niliiacha mapema, lakini sasa kuna msomaji kwangu. Mwalimu akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa muuza mboga. Mama Pacha akanishika mkono niliporudi, hakuuachia hadi mwisho. Nawashukuru wote. Nimeshiba bila kula.

Akifunga kikao, mwalimu mkuu alisema shule ikipata wazazi kumi kama mama huyu itafika mbali.

Jumamosi, 8 Machi

Sikulala vizuri. Nimeyatafakari maneno yale. Wazazi kumi kama mimi! Mtu mzima mwenye shule yake hawezi kusema hivyo mbele ya umati bila sababu. Ni wazi ananitaka niwe mwenyekiti wa wazazi wa shule nzima. Kashindwa tu kutamka moja kwa moja kwa adabu.

Mume wangu akanikumbusha kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikamwambia mimi ni msusi, mambo ya tembo siyajui.

Nimetuma sauti kwenye makundi ya madarasa yote kumshukuru mwalimu mkuu kwa kuniteua. Pongezi zinamiminika! Mama Pacha pekee ameuliza nimeteuliwa lini, na nani, alama ya kuuliza.

Kila mtu sasa anajua, isipokuwa mwalimu mkuu. Yeye nitamjulisha Jumatatu alfajiri, kabla hajaisikia kwa watu.