Mkono wa Marehemu Ubaoni

Jumatatu, tarehe 4
Mfamasia kanitangazia vita. Jumamosi anashindania ubao wa kwa kinyozi, ule wa bingwa wa karata za viumbe. Lakabu ya mdogo wangu bado ipo pale, POPO, kwa chaki, kwa mkono wake mwenyewe, na sasa ni miezi mitano tangu tumzike. Mfamasia akishinda, ataifuta. Thubutu! Nitacheza mimi.

Jumanne, tarehe 5
Nimekwenda kwa shemeji kuazima jozi ya marehemu mumewe. Karata arobaini, popo watupu. Nikamwambia nataka kuzipangusa vumbi. Akauliza mimi na vumbi tumegombana lini. Huwa analala nazo chini ya mto. Mwishowe kanipa, nami nimeona haya njia nzima.

Jumatano, tarehe 6
Nimeiboresha jozi. Nje popo sita wanyonge, ndani mamba sita. Mama kanifunga mara nne huku akimenya viazi. Kasema popo mnyonge ndiye huwaita wenzake mezani, mwanawe alimweleza. Nikamjibu hajui mbinu.

Alhamisi, tarehe 7
Mama anajua mbinu. Popo wote wamerudi. Mmoja ana alama ya wino ya kidole gumba cha mdogo wangu. Nimeweka changu juu yake, nikalia sana. Kisha nikaendelea kupanga.

Jumamosi, tarehe 9
Nimeshinda! Popo kumi na mmoja mezani, mfamasia hana pa kuweka kiwiko. Kinyozi akanipa chaki, maana kwake bingwa hujiandika mwenyewe. Watu wakapiga makofi, nikalewa sifa. Nikafuta ubao kwa mkono wa shati, nikaandika KAKA MKUU.

Ndipo nikaona shati lilivyojaa chaki. Mfamasia akasema taratibu kwamba yeye angeandika jina lake chini, la marehemu angeliacha. Shemeji alikuwa mlangoni, ameona yote. Ameondoka bila kudai karata zake. Nimemuua mdogo wangu mara ya pili.

Jumapili, tarehe 10
Si kosa langu, ni makofi yale. Nimepata barua ya zamani ya marehemu, na tangu asubuhi naiga mwandiko wake. Kesho nafuta, naandika POPO, shemeji hatatambua. P yake ilikuwa imepinda kidogo. Nimeinyoosha. Yangu inapendeza zaidi.