Nyapara Hashuki Shimoni

Jumatatu, 9 Juni

Futi sita tangu asubuhi. Mgongo umegoma. Nina miaka hamsini na mmoja, shule niliachia darasa la sita, na nimechimba vyoo kutoka kwetu Wundanyi hadi hapa Shinyalu, ambako mvua hunyesha kila siku saa nane kama mtu aliyeandikwa kazi.

Lakini leo kuna habari! Titus, mwenye kandarasi yetu, ametangaza kwamba Jumamosi atachagua nyapara wa kazi ya Lumakanda. Vyoo kumi na viwili vya shule. Ni mimi au mchimbaji mwenzangu Osiako, hakuna mwingine. Nyapara hashuki shimoni. Nyapara husimama juu, kashika kamba ya kupimia, anasema, "Bado kidogo." Miaka ishirini na miwili nimengoja kusimama juu!

Na Mungu ameniletea silaha. Shimo letu liko nyuma ya ukumbi wa kanisa, chini ya dirisha kabisa. Humo ukumbini maafisa wa afya ya umma wameanza kozi ya siku tano. Kozi ya nini? Ya uongozi! Mwalimu wao, Madamu Dorothy, ana sauti inayofika hadi kwenye sururu yangu. Osiako hana habari. Yeye huimba akichimba.

Somo la leo: kiongozi husikiliza kabla ya kusema. Kisha kila afisa akaambiwa achague jambo moja lililokwama katika eneo lake, aanze kulikwamua, na Ijumaa awaeleze wenzake. Kuna binti mmoja, Gentrix, ana sauti ya kifaranga. Lake ni boma la Mzee Jairus, hapa hapa jirani na kanisa. Alisema boma lina choo kizuri tangu Februari na hakuna mtu anayekitumia.

Choo hicho nilikichimba mimi! Futi ishirini! Kuta zimenyooka kama rula! Nusura nipande dirishani kujitetea.

Jioni nimempigia mke wangu, Mghoi. Akaanza, "Baba Wakesho, kuna jambo." Nikamwambia angoje kwanza nimweleze hili somo la kusikiliza. Nilikuwa bado naeleza salio lilipoisha.

Jumanne, 10 Juni

Nimesikiliza siku nzima. Nilimwambia Osiako aseme chochote kilicho moyoni, nikaegemea jembe na kutikisa kichwa, kama alivyofundisha Madamu. Osiako ana mengi moyoni. Alinieleza habari za ng'ombe wa shemeji yake. Akafika kwenye mambo ya Mzee Jairus na mkaza mwana wake, Jescah, sijui choo, sijui heshima, "sisi huku hatufanyangi hivyo, Mtaita, wewe hujui kitu." Sikushika yote. Kutikisa kichwa vizuri ni kazi.

Titus alitokea saa tano. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Kumbe Osiako alikuwa anaongea huku anachimba! Upande wake futi nne, wangu nusu. Hila tupu.

Kusikiliza hakuna faida. Nangoja somo la pili.

Jumatano, 11 Juni

Somo: kiongozi hakai ofisini, hufika mwenyewe penye shida.

Hili ni langu. Mpango: nilikwamue jambo la Gentrix kabla yake, Titus asikie, mambo yaishe. Saa ya chakula nikaenda kwa Mzee Jairus na matope yangu.

Mzee alinipokea kwa salamu ya "Mulembe" na kiti kizuri, yeye akakaa kwenye gogo. Akanipa mahindi ya kuchoma. Nikamhutubia juu ya nzi, minyoo na kuhara. Nikamwambia choo changu ni futi ishirini. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono mgongoni mwangu kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Akauliza, "Umemaliza, mwanangu?" Akashukuru. Akashika fimbo yake, akaingia zake kwenye shamba la mahindi kujisaidia.

Goti lake limevimba. Aliteleza humo wiki jana, akalala chini hadi jua lilipopanda. Na Agosti mahindi yatavunwa. Atajificha wapi?

Nikaenda kukagua choo. Ndani kuna kuku ameatamia mayai kumi na moja. Amekaa kama mwenye hati ya kiwanja.

Nyuma ya jikoni Jescah alikuwa anasugua sufuria. Mumewe anafanya kazi Nairobi. Aliniita kwa sauti ya chini. Huku kwao, alisema, baba mkwe na mkaza mwana hawashiriki choo. Ni aibu kwa wote wawili. Mzee asingeweza kumwambia, wala yeye asingeweza kumtajia mzee neno choo. Kwa hiyo tangu Pasaka ameacha kukiingia. Huenda kwa jirani, Rachael, ng'ambo ya kijito, ili mzee akitumie. "Nimemwachia. Na bado anaenda kwa mahindi. Sijui nimemkosea nini." Akajifuta uso kwa mkono wenye majivu.

Nilimhurumia. Nikamrudia mzee mbio, nikamwambia choo ni chake, Jescah amemwachia.

Mzee aliketi tena kwenye gogo. Kisha akasema, "Mtoto wa watu anavuka kijito na mvua hii kwa ajili yangu?" Yeye naye alikuwa amemwachia Jescah! Sasa ameapa hatakikaribia hata mlango, na niende nimwambie Jescah arudi. Nikaenda. Jescah akaapa vilevile.

Jana walikuwa wawili wasiokitumia. Leo ni wawili walioapa.

Alhamisi, 12 Juni

Wakati wa chai Gentrix alitoka nje. Nikamwita kutoka shimoni, nikakiri kila kitu. Nilitegemea atapiga kelele. Aliketi ukingoni, sketi yake safi kwenye udongo mwekundu, akaniuliza maswali. Lini? Nani alisema? Wewe ulionaje? Kila nikinyamaza, alingoja. Mwisho nikajikuta namweleza chumba changu chenye kikombe kimoja, na kwamba tangu Januari sijamwona Mghoi. Sijui mambo hayo yalitokaje.

Akasema, basi boma lile lina choo kimoja na linahitaji viwili. Akaenda kwa Titus. Vifaa vilivyobaki kanisani vinatosha. Titus akauliza nani ataanza leo.

Na somo la leo lilikuwa: kiongozi huamua bila kusitasita! "Mimi!" nikapaza sauti. Sikusitasita hata kidogo. Niliona nafasi karibu na choo cha kwanza, mlango kwa mlango, nadhifu kama maduka. Sikumsumbua mtu kwa maswali. Kufikia magharibi, futi nne, peke yangu. Mgongo unalia, lakini ni kilio cha nyapara.

Usiku Mghoi alipiga simu yeye mwenyewe. "Kuna jambo, Baba Wakesho." Nikamwambia jambo lolote lingoje, kwanza asikie nilivyoamua.

Ijumaa, 13 Juni

Mzee Jairus alikuja asubuhi kutazama shimo. Alilisifu sana. Akazunguka. Akalisifu tena. Kisha akasema polepole kwamba ni zuri, ila yeye akitoka na Jescah akitoka, wataangaliana uso kwa uso.

Futi nne!

Osiako alikuwa amesimama kando akitafuna muwa. Akamuuliza, "Baba, wewe ungetaka mlango uangalie wapi?" Basi. Hayo tu. Mzee akachechemea hadi nyuma ya migomba, akachomeka fimbo yake ardhini. "Hapa. Uangalie kilima." Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyerudishiwa kitu. Jescah alikuwa ametokeza kichwa jikoni. Baadaye kidogo Osiako aliletewa uji. Na mimi nikaletewa, kikombe kikubwa zaidi, labda kwa huruma.

Osiako akachimba kwenye fimbo. Mimi nikafukia futi zangu nne.

Mchana nilirudi chini ya dirisha. Gentrix alieleza jambo lake. Hakujificha: alisema choo bado hakijaisha, na kwamba alikuwa ametembelea boma lile mara tano kuhimiza usafi na hakuuliza hata mara moja kwa nini. Alisema aliyemfungua macho ni fundi Mwakio. Yaani mimi! Kisha nikasikia viti. Nikatazama juu: maafisa kumi na wanane wamejaa dirishani, wananipigia makofi. Sikujua nishike wapi. Nikachimba kwa nguvu. Gentrix akanishushia chai na mandazi mawili kwa ndoo.

Macho yaliniwasha. Ni udongo wa huku.

Jumamosi, 14 Juni

Osiako!

Nilimuuliza Titus sababu. Akasema, "Osiako aliuliza." Hiyo ni sababu? Mtu hajahudhuria somo hata moja!

Tukiwa tunakusanya vifaa, Osiako akanijia. Alisema wiki nzima amesikia mgongo wangu ukilia. Kule Lumakanda mimi nitakaa juu nivute kamba na kupima, yeye atashuka. "Shimo silichokangi, Mtaita. Wewe pumzika."

Nyapara anayeshuka shimoni! Hajui kazi kabisa. Nimemhurumia, nikakubali.

Kabla ya kuondoka tulipita kwa Mzee Jairus. Kuku bado ameatamia. Hakuna aliye na moyo wa kumfukuza, kwa hiyo Jescah atamngoja aangue. Mzee amekaa kwenye gogo nyuma ya migomba, anatazama kilima, anangoja turudi Jumatatu kumalizia choo chake.

Jumapili, 15 Juni

Ujumbe wa simu kutoka kwa Mghoi. Naunakili hapa wote: "Tangu Jumatatu nataka kukuambia. Nakuja. Dada yangu amebaki na mbuzi. Basi limepita Nakuru. Nitakaa na wewe hadi Agosti. Usipige simu, utaongea tu."

Nimeusoma mara sita. Nimefagia chumba. Nimenunua kikombe cha pili, cha maua mekundu, kwa sababu nadhani anapenda mekundu. Sijawahi kumuuliza.

Ana bahati, maana anamkuta mume aliyesomea uongozi. Sasa hivi naandika hotuba ya kumpokea stendi. Imefika vipengele tisa. Cha kwanza kimechukua kurasa mbili: umuhimu wa kusikiliza.