Nguchiro Mmoja, Jike, Mdogo

Kwa Afisa Mifugo,
Chumba cha pili ukishapita choo,
Jengo la kata.

Jumamosi, asubuhi.

Ndugu Afisa Mifugo mwenye pikipiki,

KUHUSU: KUPANDISHWA CHEO KWA MNYAMA ALIYEVAMIA BANDA LANGU

Kwanza nikujulishe anayekuandikia ni nani, maana ulipokuja kwangu ulikuwa na haraka na hukuniachia nafasi ya kujieleza kikamilifu. Mimi ndiye sababu ya barabara yetu kupinda. Ukitoka sokoni inakuja imenyooka kama rula, ikifika kwangu inakata kona, inazunguka uzio wangu, halafu inanyooka tena. Wapimaji walisema pana mwamba. Mwamba upo, sikatai. Lakini nani asiyejua kwamba serikali ikitaka kupasua mwamba inapasua? Ile kona ni heshima. Elimu yangu ni darasa la sita na sehemu nzuri ya la saba, na walimu wenyewe ndio walioniomba nipumzike.

Sasa tuje kwenye tukio. Siku kumi na nane zilizopita, mchana kweupe, mnyama aliingia katika banda la kuku la mke wangu akala vifaranga vitano na mayai sijui mangapi. Wa kwanza kufika nilikuwa mimi. Tukatazamana. Urefu wake ulikuwa kutoka hapa mpaka pale kwenye ngazi. Samahani, nimesahau kwamba hunioni. Basi chukua urefu wowote unaokutisha kisha ongeza mkia. Nilimwambia maneno mazito, akasikia, akaondoka kwa aibu.

Nikawaeleza watu ukweli, kwamba ni chui. Kwa kinyozi nilieleza mara tatu, kwa sababu wateja walikuwa wanaingia na kutoka, na kila kundi lina haki yake ya kusikia. Mara ya tatu nilikumbuka na mambo niliyokuwa nimeyasahau mara ya kwanza, akiwemo chui wa pili.

Wewe ukafika siku ya kumi na tatu. Ukachuchumaa, ukapima nyayo kwa rula ya shule, ukaandika, ukawasha pikipiki. Jumatano hii kwenye mkutano, katibu akafungua daftari la wanyama waharibifu na kusoma mbele ya watu wazima na akili zao: "Banda la kuku. Mhalifu: nguchiro mmoja, jike, mdogo. Ushauri: mwenye banda afunge mlango." Na hakusoma kama anavyosoma mambo mengine. Kila baada ya neno alipumzika, akanitazama, akaendelea. Watu walicheka mpaka benchi la mbele likavunjika mguu. Tangu siku hiyo kinyozi akiniona napita anasimamisha mashine kichwani kwa mteja na kupaza sauti, "Mzee, nguchiro anakusalimia! Anasema umepungua!"

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "mdogo". Hukumpima mnyama, ulipima unyayo. Mguu wangu mimi ni mdogo kuliko wa mke wangu, viatu vyake vinanipwaya, lakini hakuna ofisi iliyowahi kuniandika "mume mmoja, mdogo". Isitoshe, mnyama huyu alijua anaingia kwa nani, kwa hiyo alikuwa ananyata kwa ncha za vidole. Chui akinyata kwa ncha za vidole anaacha alama kiasi gani? Hilo rula yako haikujiuliza.

2. Neno "jike". Nilipokuuliza umejuaje, ulisema anapita njia ileile kila siku, kwenda na kurudi, kama mzazi mwenye watoto wa kulisha. Ndugu Afisa, hata mimi napita njia ileile kila siku na nina watoto wa kulisha. Na mimi niandike jike?

3. Neno lenyewe "nguchiro". Ushahidi wako ni kwamba mayai yalikutwa yamepasukia kwenye jiwe la kufulia, na kwamba nguchiro ndiye mwenye tabia ya kulishika yai, kugeuka, na kulirusha kinyumenyume katikati ya miguu mpaka lipasuke. Kweli, nimeiona tabia hiyo kwa macho yangu. Lakini chui ni mnyama mwenye akili. Anaishi pori moja na nguchiro, anawaona kila siku wanavyofungua mayai bila kujichafua, wewe unataka aendelee kuyatafuna na maganda? Mimi nasema huyu ni chui aliyejiendeleza. Badala ya ofisi yako kumtia moyo, mmemshusha daraja.

4. Ushauri wa kufunga mlango. Mlango ulikuwepo. Kama ulikuwa umefungwa au uko wazi, hilo ni swali la upepo. Lakini nauliza hivi: mtu anasubiri msaada wa serikali siku kumi na tatu, kila akisikia pikipiki anatoka nje na kuchomekea shati, halafu serikali inafika na kumwambia afunge mlango? Hilo mke wangu alikwishaniambia siku ya kwanza, tena bila pikipiki.

5. Hili ndilo lililoniuma zaidi kama raia. Baada ya mkutano nilimwomba katibu anionyeshe kurasa za nyuma za daftari. Nimezisoma zote, nikiwa nimesimama. Mbuzi wa mwenyekiti, mwaka jana: "chui". Nyayo: "hazikuonekana kwa sababu ya mvua". Ndugu Afisa, mwezi ule tulikuwa tunapanga foleni kisimani tangu alfajiri, mvua ipi? Na ngozi ya mbuzi yule tuliiona sote imeanikwa juu ya bati la bucha, imechunwa vizuri kabisa, mpaka nikajiuliza huyo chui amejifunzia wapi kisu. Nikafungua mbele. Kondoo wawili wa diwani: "chui wawili", yaani kila kondoo na chui wake. Diwani hajawahi kufuga kondoo. Nikafungua tena. Mama mjane wa kule kisimani, yule anayeuza mboga, alipoteza ndama mzima aliyeburutwa na kupitishwa juu ya uzio, na damu ikaonekana mpaka mtoni. Mmeandika "panya". Nikasoma mara ya pili nikidhani miwani niliyoazima kwa katibu imenichezea. Panya. Wangapi, hamkusema.

Hapo ndipo nilipouelewa mfumo wa ofisi yako. Kumbe wanyama wanagawiwa kwa vyeo. Diwani anapata chui wawili, mwenyekiti anapata mmoja, mjane anapata panya. Sipingi mfumo, mfumo ni mfumo. Ninachouliza ni kwamba mimi mmeniweka ngazi ipi? Nguchiro ni ngazi moja tu juu ya panya! Mtu ambaye barabara inamzunguka! Na ukipata nafasi, yule mama mpandishe naye, umpe hata fisi. Panya hawawezi kupita juu ya uzio na ndama, hata wakisaidiana.

5 tena. (Hili lilipaswa kuwa la kwanza, lakini mkono ulikuwa bado haujapata moto.) Leo saa tisa alasiri wageni wanakuja kumchumbia mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, yule fundi cherehani ambaye nadhani hata hiyo suruali yako ya kazi amewahi kuipunguza. Siku kama hii familia inahitaji msemaji, mtu wa kusimama, kuwakaribisha watu, na kusema binti huyu ni nani na ametoka kwa nani. Mpwa wangu alinichagua mimi. Hakuambiwa na mtu. Alikuja mwenyewe mwezi uliopita, futi ya kupimia bado ikiwa shingoni, akasema, "Mjomba, mimi nakutaka wewe."

Baada ya Jumatano dada yangu ameitisha kikao cha familia. Amesema, nami nanukuu kama nilivyosikia kutoka nyuma ya mlango, "Mtu aliyechachafywa na nguchiro atatusemea nini mbele ya watu? Wakiuliza binti analindwa na nani, tuseme nani?" Kazi akampa mdogo wangu, mwalimu. Mdogo wangu nampenda, tumenyonya ziwa moja, lakini akizungumza anasomesha imla. Anataja mpaka nukta. Wale wageni watatoka pale wakitafuta daftari za kusahihishwa.

Mpwa wangu akasimama. Akasema, "Mama, mimi nimeshasema nani ninayemtaka." Dada yangu akajibu, "Haya. Huyo mjomba wako alete karatasi ya serikali inayosema alipambana na chui. Akiileta kabla ya saa tisa, asimame aseme. Asipoileta, akae na watoto." Unaona, Ndugu Afisa, mahali rula yako iliponifikisha. Nina miaka hamsini na mbili, nikae na watoto.

Nikuambie kitu ambacho si cha kiofisi. Watu wengi nikianza kusimulia wanakumbuka wameacha chungu motoni. Nikifika katikati, nusu wameondoka, na wanaobaki wanataka kunipinga kwenye vipimo. Huyu mtoto hakuwahi. Alipokuwa na miaka saba aliumwa homa siku nne, hali wala hanywi, na mimi nikakaa kitandani kwake nikamsimulia jinsi nilivyosafiri juu ya mgongo wa mamba kutoka Jumatatu mpaka Alhamisi. Nilipofika Jumatano akafumbua macho akaniuliza, "Mjomba, mamba alikuwa anakula nini?" Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kujali mamba wangu alikula nini. Nikamwambia uji. Akaomba uji. Sasa leo ndiyo siku yake, maneno ninayo, nimeyapanga tangu mwezi uliopita, na kati yangu na hayo maneno limesimama neno lako moja.

Kwa hiyo naomba daftari lirekebishwe kama ifuatavyo:

(a) "Mdogo" lifutwe, liandikwe "wa kutisha".

(b) "Jike" lifutwe, iandikwe "jinsia haikuulizwa kutokana na hali ya mapambano".

(c) "Nguchiro" lifutwe, liandikwe "chui". Ikiwa chui wote wa mwaka huu wamechukuliwa na diwani, nitapokea fisi. Ikiwa fisi nao hawapo, andika "mnyama" tu, weka nukta, piga muhuri, uache nafasi. Yanayobaki nitajazia mwenyewe kwa mdomo. Hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.

(d) Ushauri kuhusu mlango uhamishiwe ukurasa wa mtu mwingine.

Naamini ombi hili si kubwa. Kalamu ni moja na mstari ni mmoja, na wewe mwenyewe umeshathibitisha kwamba ofisi yako inaweza kumtoa chui mahali ambapo hata kondoo hakuwepo.

Nisalimie mke wako, na watoto kama wapo. Nisalimie yule mama wa mapokezi, na mwenzako wa meza ya dirishani ambaye kila tukija ametoka kula. Mwambie tunamtakia shibe njema. Wasalimie wote wanaotuuliza hali. Katibu usimsalimie, nitamwona mwenyewe.

Ni mimi, kwa unyenyekevu ambao watu wengi hawaujui,

Msemaji wa familia (mpaka saa tisa)

Nyongeza: Anayekuletea barua hii ni mke wangu, na amegoma kuondoka mpaka niandike na haya. Leo saa mbili asubuhi mnyama alirudi. Nilimwahi, nikamfunika kwa karai. Ni karai la kawaida, la kuoshea vyombo, na humo ndani ameenea vizuri na nafasi imebaki, namsikia anavyozunguka. Nilikaa juu yake ili asilipindue, na tangu saa hiyo sijainuka. Barua yote hii nimeiandikia gotini. Mke wangu analitaka karai lake kwa ajili ya wageni. Amesema, "Inuka, baba watoto, huyo hata paka anamzidi." Mpwa wangu naye amekuja, ameinama, ameweka sikio kwenye karai, akacheka kidogo, kisha akaniambia, "Mjomba, hata ukisema umekaa, mimi nitasikiliza." Lakini msemaji wa familia husimama, hilo kila mtu analijua. Kwa hiyo achana na daftari, liache lilivyo. Washa pikipiki uje, na uje na gunia. Hata la kilo tano linatosha. Mke wangu anasema tuweke tofali juu ya karai, mambo yaishe. Ni wazo zuri. Ila ili tofali likae ni lazima mimi niinuke kwanza, na pale katikati, nikiwa nimeinuka na tofali bado halijafika, ndipo ninapoogopa.