Gari la Kiti Kimoja

Siku redio ilipotangaza kwamba wahujumu uchumi wataendelea kusakwa mkoa kwa mkoa, Telesphori alikuwa kwenye baraza la fundi cherehani mmoja mjini Kahama, akinywa chai aliyokaribishwa. Wenzake barazani waliacha kutafuna. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana jambo nyumbani, akaondoka bila kuaga, na kila mtu alijua jambo lenyewe ni sukari aliyoificha. Telesphori alimaliza kitumbua chake taratibu. Aliwaza kwamba tangu saa ile mkoa mzima umejaa watu wenye vitu vizuri ambavyo hawavitaki tena, na kwamba kutowasaidia ingekuwa ni kukosa utu.

"Mzee Nkwabi wa Segese bado ana ile Pijo yake?" aliuliza.

"Ile ya paa la kukunja? Anayo," fundi alijibu. "Juzi alipita hapa amepakia mbuzi na gunia la unga kiti cha nyuma. Mbuzi anatutazama utadhani ni mgeni rasmi."

"Maskini mzee wa watu," alisema Telesphori, akaongezewa chai.

Si kwamba Telesphori alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu. Gari alikuwa nalo. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya fundi, limefunikwa magunia: gari jekundu la mashindano, lililoletwa nchini na mhandisi mmoja wa kizungu aliyeishi Songwa. Mzungu yule alikuwa akilikimbiza Jumapili asubuhi kwenye kiwanja cha ndege, peke yake, na wanaomkumbuka wanasema hata hivyo alikuwa akishika nafasi ya pili. Aliporudi kwao alimwachia mpishi wake. Telesphori alilipata kwa mpishi huyo kwa kumpa redio nzuri sana iliyokosa betri tu, mwaka ambao betri hazikuonekana dukani. Mpishi alishukuru, akamfungia na maandazi ya njiani.

Lilikuwa gari la ajabu. Halikuwa na paa, wala milango, wala buti. Tumbo lake lilikuwa vidole vinne kutoka ardhini. Halikuwaka mpaka lisukumwe, na likiwaka kuku wa mtaa mzima walihama. Zaidi ya yote, lilikuwa na kiti kimoja.

Kiti hicho ndicho kilichomtia matatani. Telesphori alikuwa na mchumba Ushirombo, Melania, mshonaji wa sare za shule, binti aliyeweza kukupima mabega kwa kukutazama tu. Alimpenda kweli. Katika maneno yote aliyowahi kuyasema, hilo peke yake halikuwa na nyongeza. Alipompelekea lile gari alione, Melania alilizunguka mara moja.

"Mimi nitakaa wapi?"

"Wewe utakuwa nyumbani unanisubiri."

"Na mama akiugua? Atakaa juu ya moshi?" Melania alirudi kwenye cherehani yake. "Hata baiskeli yangu ina keria, Telesphori. Njoo siku utakayokuwa na chombo ambacho mtu wa pili ana pa kukaa. Vinginevyo usije. Kuna mwalimu wa Runzewe ana pikipiki, ameshakuja kumsalimu mama mara mbili."

Yafaa kusema hapa kwamba kwa mwaka mzima wa uchumba Telesphori alimsimulia Melania habari zake zote, pamoja na nyingine ambazo hazijatokea. Alichosahau ni kumuuliza za kwake. Alijua baba yake Melania alikwisha kufariki, na kwamba kuna mjomba mahali fulani anayesimamia mambo. Hakuuliza ni mahali gani.

Asubuhi iliyofuata vijana wa fundi walisukuma, gari likanguruma, naye akashika njia ya Segese. Karibu afike. Bonde moja kabla ya Segese, tumbo la gari lilipanda kwenye tuta la katikati ya barabara, magurudumu yakabaki yanakoroga tope, na injini ikazimika. Kisha mvua ikaanza. Telesphori alikaa kwenye usukani akilowa na suti yake, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa.

Ndipo alipotokea mzee mmoja na ng'ombe wawili wa kulimia.

"Mwangaluka," alisalimu mzee.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hili ni gari, au limekatwa?"

"Ni zima, baba. Ndivyo lilivyo."

"Pole," alisema mzee kwa moyo wote. Bila kuombwa, alifungua mnyororo wa plau akaufunga kwenye chuma cha mbele. Jina lake lilikuwa Bujiku. Hakutaja malipo. Alivua koti lake kuukuu akamtupia Telesphori mabegani, akasema yeye mvua hii wamezoeana.

Walikwenda mwendo wa ng'ombe. Na hapo ndipo Telesphori alipokosea, ingawa hakujua. Mtu aliyemvika koti hakuwa mteja. Kwa kuwa hakuwa na cha kumuuzia, akajikuta anamwambia kweli tupu: habari za Melania na cherehani, za mwalimu na pikipiki, za kiti kimoja, na za Pijo ya Mzee Nkwabi ambayo jioni ile ingekuwa yake.

"Mama wa huyo binti anaitwa nani?" Bujiku aliuliza.

"Mama Scolastika."

"Ee," alisema Bujiku. Akamgusa ng'ombe wa kulia kwa fimbo, wakaongeza mwendo mpaka kwenye kisima cha nje ya Segese.

Kisimani alisema anakwenda kunywesha ng'ombe, kisha ataleta vijana wa kusukuma, ili mgeni aingie Segese kwa heshima. Alichelewa kidogo. Telesphori alitumia muda huo kuchana nywele.

Mzee Nkwabi alikuwa na mashine ya kusaga, na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Alisimama mlangoni, akalitazama gari jekundu likiingia uani kwa kishindo na kuzimika kabla ya kufika pale lilipokusudia.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekuja kwa ajili ya huruma."

"Marahaba. Huruma ya nani?"

"Yangu kwako. Redio umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi Pijo yako ni anasa. Ina paa linaloondoka na kurudi. Watakuuliza, mzee: kama ulitaka paa, kwa nini ulikunje? Na kama hukulitaka, kwa nini ulinunue?"

Nkwabi alitafakari. "Sijawahi kuulizwa hivyo."

"Utaulizwa. Sasa tazama hili langu. Linabeba abiria? Halibebi. Linabeba mzigo? Hata kibaba cha mtama. Basi hili si gari. Ni kifaa cha michezo, kama mpira. Umewahi kusikia mtu amekamatwa kwa kuwa na mpira?"

"Bado."

"Basi!"

Mzee Nkwabi aliinama akashika magoti, mabega yakimtetemeka. Telesphori aliona ni hofu, akamhurumia, na akazidi kutumaini.

"Na wewe, kijana, huogopi kukutwa na hiyo anasa?"

"Mimi, mzee, nimejitolea."

Alikaribishwa chakula. Mke wa Nkwabi, Mama Febronia, hakumpa mgeni mkono wala hakumtazama usoni. Alimsalimu akiwa nyuma ya mlango, akapeleka chakula huku ameinamisha kichwa, akarudi jikoni upesi. Telesphori alikwisha kuwaona wanawake wengi wakibabaishwa na suti yake, lakini si kwa kiasi hicho. Sahani ilikuwa na kuku mzima, na juu kabisa, peke yake, firigisi. Aliila. Alipomaliza, Bujiku na mzee mwingine wa jirani waliingia na kuketi.

"Nimewaita hawa washuhudie," alisema Nkwabi.

"Vizuri sana," alisema Telesphori, aliyependa mashahidi pale ambapo yeye ndiye anayepata.

"Kifaa hiki chekundu umekileta mwenyewe uani kwangu?"

"Mwenyewe."

"Unakiacha kwa hiari? Hutakuja kukidai?"

"Hata siku moja."

"Na hii Pijo unaipeleka wapi?"

"Ushirombo, mzee. Leo hii."

"Ipeleke salama," alisema Nkwabi, na wale mashahidi wakaitikia kwa vichwa.

Hapo wema ukazidi kipimo. Nkwabi alitoa petroli kwenye debe lililokuwa nyuma ya magunia ya pumba, mwaka ambao watu walikesha vituoni na kuambulia harufu tu, akajaza tangi mpaka juu. Mama Febronia alituma kifurushi kilichofungwa kwa khanga: kuku wa kuchoma, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. "Ni cha mama yeyote wa huko uendako," alisema kwa sauti ya nyuma ya mlango. Telesphori alipotaka kurudisha koti, Bujiku alikataa. Alisema mvua bado ipo.

Katika miaka yote ya kazi yake, Telesphori hakuwa amekutana na watu wepesi kiasi hicho. Aliondoka haraka kabla hawajampa na nyumba.

Pijo ilikwenda vizuri. Mvua ilipokatika alikunja paa akaanza kuimba. Mbele kidogo aliwakuta akina mama watatu wakitoka mnadani na kitanda cha kamba, magunia ya viazi na jogoo. Wote waliingia, kitanda kikasimama wima katikati yao, kwa kuwa gari lisilo na paa hubeba chochote kisichogusa mawingu. Walipofika kwao wakataka kufungua pindo za khanga wamlipe.

"Acheni," alisema Telesphori, akajishangaa. Baadaye aliona labda ni lile koti.

Ushirombo alifika jua likiwa bado lipo. Melania alisikia honi akatoka, sindano mkononi, na mama yake nyuma yake.

"Viti vinne!" alisema Telesphori, akifungua mlango. "Mama, shikamoo. Kiti chako ni hiki cha mbele."

"Marahaba, baba," alisema Mama Scolastika.

"Na kitambaa hiki nimekununulia Mwanza, kwa mfanyabiashara mmoja rafiki yangu. Nilikichagua mwenyewe."

Mama Scolastika alikikunjua. Lilikuwa gauni jeupe, limekwisha kushonwa, limebakia pindo la chini tu. Telesphori alilitazama kama wengine walivyolitazama.

"Wifi yangu Febronia amejitahidi, tangu mlipochumbiana analishona," alisema mama. "Mkono wake ni uleule."

"Na Pijo ya mjomba imeoshwa," alisema Melania. "Asante kuileta."

Telesphori aliketi kwenye kiti cha mbele, kile alichokuwa amemkaribisha mama mkwe. Alikumbuka mlango, na kichwa kilichoinamishwa kama mbele ya mkwe, na ile firigisi. Kila kitu alichokuwa amekihesabu kama ujinga wa watu kilianza kurudi, kimoja kimoja.

Jumamosi Mzee Nkwabi na Bujiku waliteremka kwenye lori la pamba, wakapewa vigoda uani kwa Scolastika.

"Mkwe, mahari tumeipokea," alianza Nkwabi.

"Mzee wangu, sisi tulibadilishana!"

"Nani amesema? Ulileta kitu kwangu, mjomba wa binti. Ukakiacha kwa hiari, ukasema hutakidai, ukala firigisi ya mkwe. Mashahidi wapo. Pijo uliniambia unaipeleka Ushirombo. Imefika, tena bila mkwaruzo. Itabeba maharusi, kisha itarudi kwangu."

Telesphori alimgeukia Bujiku. "Baba, ulinisema?"

"Nilikusema vizuri," alijibu Bujiku. "Nilimwambia: huyu kijana akilowa, husema kweli."

"Kama hukuridhika," aliendelea Nkwabi kwa upole, "nidai. Nitakurudishia gari lako leo hii, na lori hili litakubeba. Tutamwambia mwalimu wa Runzewe kwamba nafasi ipo."

Melania alikuwa kwenye cherehani, amelishika lile pindo jeupe, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulipita pembeni ya tundu. Akaulowesha mdomoni, ukapita pembeni tena. Huyu alikuwa mtu anayeweza kutunga uzi gizani. Telesphori aliona.

Mdomo wake ulikuwa na maneno mengi yaliyokaa tayari, kama siku zote. Aliyaacha.

"Sidai," alisema. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema juu ya bidhaa yake yoyote. "Ila ni vizuri mjue, wazee. Lile gari halitembei."

"Tunajua," alisema Nkwabi. "Hata ng'ombe wa mahari huwa hatuwapandi."

Matangazo yalisomwa kanisani Jumapili tatu, na hakuna aliyeleta pingamizi. Siku ya harusi Melania alisimama kwenye Pijo, paa limekunjwa, gauni likipepea, na Mama Scolastika alikaa kiti cha mbele asikubali kushuka hata kwa picha. Gari jekundu halikutoka Segese. Mama Febronia aliona kwamba kile kiti kimoja kimezama vizuri na hakiingii upepo, akawawekea kuku wake majani makavu. Aliwaletea maharusi kapu la mayai yaliyotagwa humo.

Jumapili, mapema, maana baada ya saa nane mchana magari hayakuruhusiwa barabarani siku hiyo ili kubana petroli, Mzee Nkwabi aliwasha Pijo yake. Mama Febronia alikaa mbele, Bujiku nyuma pamoja na beberu wa zawadi. Telesphori alimrudishia koti, limefuliwa, na kifungo kilichokosekana kimeshonwa.

"Wabeja," alishukuru Bujiku kwa Kisukuma, akakipapasa kifungo.

Vumbi lilipotulia, Melania alitoa baiskeli ndani. Telesphori aliikagua, akaiminya keria kwa mkono, akatazama upande wa barabara ya Runzewe.

"Unajua, mke wangu," alianza polepole, "yule mwalimu na ile pikipiki yake. Mtu mwenye huzuni kama yule, pikipiki haimfai. Angepata baiskeli nzuri ya kumtuliza..."

"Telesphori," alisema Melania, akishika usukani. "Kaa nyuma."

Alikaa.