Picha ya Duka na Kiti cha Muthama

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Tajiri, mwenye duka, ametangaza. Alhamisi mpiga picha atalipiga picha duka lote la fanicha. Atakayetokea pichani atapewa nakala. Yangu nitaituma nyumbani. Namalwa, mke wangu, anaamini mimi ndiye fundi mkuu hapa. Nilimwandikia hivyo mwaka juzi. Kweli ni kwamba napaka vanishi tu. Kile kiti kikubwa cha dirishani, chenye maua ya kuchonga, ni kazi ya Muthama, fundi mwenzangu. Atataka kusimama kando yake. Lazima asiwepo.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata njia. Nimemwambia Muthama kuwa memsabu mmoja, mama wa Kizungu wa mtaa wa Woodley, analalamika, droo ya kabati lake haifunguki, anamtaka fundi kesho asubuhi. Akauliza nyumba ipi. Nikataja nambari iliyonijia mdomoni. Akanishukuru kwa kumfikishia ujumbe. Shukrani hiyo haijanikaa vizuri.

Alhamisi, 7 Agosti
Muthama kaondoka kwa baiskeli. Nikamshawishi tajiri kuwa kiti kitupu hakionyeshi ukubwa wake. Nikakikalia, suti ya kuazima, mkono kidevuni. Mpiga picha akaonya tusitikisike, mwanga ni hafifu. Mara kengele ya baiskeli nje. Nikageuka. Kumbe ni muuza maziwa.
Muthama karudi adhuhuri, vumbi hadi magotini. Alibisha hodi nyumba kwa nyumba. Akasema labda nilisikia vibaya.

Jumamosi, 9 Agosti
Picha imefika. Kiti kimetoka ua kwa ua. Mimi, juu ya kola kuna ukungu. Sina uso.
Nilingoja Muthama acheke. Akaisogeza picha kwenye mwanga.
"Mama hajawahi kuona kazi yangu," akasema. "Maua haya alinifundisha baba. Akiyaona atayajua."
Akaomba nimwazime picha, aipeleke Machakos, airudishe. Nikasema nitafikiria.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikiwaza huyo mama akipitisha kidole juu ya maua. Nimeamua. Kesho nitamweleza Muthama yote, na picha nimpe kabisa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nilimkuta akichonga. Nikaisifu kazi yake. Nikasema picha imeibwa. Akanipa pole.
Mchana nimeipeleka posta. Nimemwandikia Namalwa kuwa kiti nilikichonga kwa mikono yangu. Na kuhusu uso, asishangae: fundi mkuu hatulii mahali pamoja.