Jinsi Dobi Alivyounusuru Mwanzi wa Mama Mkwe

Jongeeni, jongeeni karibu! Mwenye kigoda akikalie, asiye nacho abanane na mwenzake, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sisimami. Mmesikia habari za majemadari waliovunja ngome, mkasikia za wafalme waliovuka milima na majeshi yao. Hizo ziwekeni kando kwanza. Leo ni habari ya dobi na mwanzi. Ewe ulimi wangu, usinitupe. Nawe pumzi, nisindikize mpaka mwisho, maana meno yamekwisha kunitangulia.

Alikuwako dobi mmoja, Simba wa Pasi, Bwana wa Mkaa, Mvunja Makunyanzi, aliyenyoosha suti za mabwana harusi na sare za walinzi, wala haikupata kutokea kola chini ya jua hili ikamshinda. Alikuwa amestaafu, lakini mkono haustaafu, wanangu. Hata kitambaa cha kufutia meza nyumbani kwake kilikuwa na mstari.

Na mkewe alikuwa na mwanzi. Msidhani ni mti wa kununua tu, la! Mama yake mzazi alipofariki, nyumba ikauzwa, na waliouziwa wakang'oa kila kilichosimama. Mke wa dobi akatoka na kipande cha mwanzi chenye mizizi, amekifunga kwenye kitambaa kibichi kama mtoto mchanga, akaja kukipanda kwenye bustani, mbele ya dirisha la jikoni. Kikaota, kikawa kichaka kirefu kulipita paa. Kila asubuhi anakunywa chai akikitazama, na upepo ukipita kwenye majani, shaa, shaa, anasema, "Mama huyo, anafagia." Hana kingine cha kwao.

Basi binti yao akajifungua, bibi akaitwa akamshike mtoto. Mlangoni, begi begani, akamgeukia mumewe.

"Mzee wangu, jua la mwaka huu kali. Mwanzi wa mama nakuachia wewe. Upe maji kila siku."

Shujaa akajipiga kifua. "Mama watoto, nenda salama! Mimi niliyewanyoosha mabwana na mabibi, nishindwe na jani?"

Maneno makubwa hayo. Yashikeni, tutayahitaji mbele.

Na alitimiza, jamani, asije mtu akamsingizia. Kila alfajiri alisimama mbele ya mwanzi, akajaza maji kinywani mpaka mashavu yakatuna, akapuliza, pfuuu! Mvuke mwembamba, sawasawa, bila tone kubwa, kama alivyofundishwa kulowesha nguo kabla ya pasi. Jani kwa jani, mbele na nyuma. Hakuruka hata moja.

Lakini jua likazidi ukatili. Udongo ukapasuka kama kisigino. Majani yakaanza kujikunja, kila moja likajiviringisha jembamba kama sindano, mengine yakawa manjano yakaanguka. Upepo ukipita sauti si ya ufagio tena, ni ya makaratasi. Dobi akaongeza kupuliza, asubuhi na jioni, mpaka mataya yakamuuma.

Ndipo simu ikalia. "Mzee wangu, kesho asubuhi niko njiani. Mwanzi wangu hajambo?"

"Hajambo," akasema Simba wa Pasi, akatoka mbio bustanini.

Akautazama ule mkunjo. Akawaza kama mtu wa kazi yake: kilichokunjamana, dawa yake inajulikana. Akatia mkaa, akapepea, pasi ikashika moto. Akachuma jani moja, akaliweka kati ya vitambaa viwili vyeupe, akalishukia kama radi. Alipofunua, jani lilikuwa limenyooka. Katika historia ya mimea hapajaonekana jani lililonyooka kama lile. Pia lilikuwa limekufa.

"Shemeji!" Ni jirani, mama mwenye genge la mboga, kichwa juu ya ukuta. "Shemeji, unapiga pasi mti?"

"Nautibu!"

"Kumbe! Na hayo mate ya kila asubuhi, ndiyo sindano?"

Shujaa akasimama wima, pasi mkononi kama upanga. "Sikiliza, mwanamke wa nyanya! Mti huu nimeunywesha bila kukosa, jani kwa jani, tangu mwenyewe alipoondoka!"

Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. "Umeunawisha uso, shemeji! Kinywa cha mti kiko chini. Hebu chomeka kidole hapo shinani."

Akachomeka. Kidole kikagoma. Udongo mkavu kama tofali.

Jasho likamtoka yule ambaye moto wa pasi haukuwahi kumtoa jasho. "Shemeji," akasema, sauti imeshuka, "mti umekufa?"

"Kwaruza bua kwa kucha."

Akakwaruza. Chini ya vumbi, kijani.

Hapo ndipo vita vilipoanza! Akatwaa jembe, akaupiga ule udongo, nao ukarudisha jembe. Akaupiga tena. Akamwaga ndoo ya kwanza kwa pupa, maji yakateleza yote yakaenda kumsalimu jirani chini ya ukuta. "Polepole, shemeji, mti haumezi kama ngamia!" Akauzungushia tuta kama bakuli, akamimina kikombe baada ya kikombe, ardhi ikanywa ikitoa sauti kama mzee na uji wake. Ndoo zikaja, zikaisha, zikaja. Akaufunika udongo kwa majani makavu. Na ili jua lisipate upenyo, akatoa kabatini shuka lake jeupe, la mikunjo minne, fahari ya nyumba, akalitundika juu ya mwanzi. Likachafuka. Akalitazama likichafuka, akaliacha hapo hapo.

Kulipopambazuka alitoka pekupeku. Jani moja, upande wa dirisha, lilikuwa limefunguka. Halafu akaona la pili. Halafu akaacha kuhesabu, maana macho yalikuwa na maji, na maji hayo hakuyapuliza popote.

Mkewe akaingia na begi lake. Akaona tuta, akaona shuka, akaona majani ya manjano chini. Upepo ukapita: shaa... shaa.

"Mama huyo," akasema mkewe. "Kachoka kidogo, lakini anafagia."

Kisha akaingia jikoni, kule pasi na vitambaa vyake vilikorudishwa, akatoka ameshika kitu chembamba kwa vidole viwili. "Baba, jani hili nani kalipiga pasi?"

Nyuma ya ukuta mtu akapaliwa na kicheko.

"Mke wangu," akasema dobi kwa sauti ya baraza, "huyo ni askari aliyeanguka ili wenzake waishi."

Mkewe akamkabidhi kopo la maji. "Mwagilia nikuone."

Basi andikeni vifuani mwenu, enyi mliohudhuria, na wajukuu wenu waambieni: siku hiyo, mbele ya mkewe, na jirani juu ya ukuta akiwa shahidi, Simba wa Pasi, Mvunja Makunyanzi, aliinama mpaka shinani, akamimina maji taratibu, kinywa amekifumba, wala hakupuliza hata tone.