Bahasha Kumi za Pasaka

Jumamosi, 16 Machi
Nimebishana na binamu Asger. Nani atapata mayai mengi ya chokoleti kwa barua za Pasaka, zile unazotia vitone badala ya jina lako? Jirani asipobahatisha nani kaandika, anakupa yai. Akibahatisha, unampa wewe. Atakayeshindwa atalala kibandani kwa bibi, pamoja na panya. Asger kasema nianze kuwazoea. Mshamba yule. Anatumia bahasha za dukani. Mimi natengeneza zangu.

Jumapili, 17 Machi
Nimechemsha gelatini yote ya mama, ule unga wa jeli, nikaigandisha kwenye sinia. Unapaka rangi kwa rola, unalaza majani, unagandamiza karatasi, unabandua. Picha moja tu, haijirudii. Nimejaribu kwa buluu. Kipaji ninacho, basi tu.

Jumatatu, 18 Machi
Baba kala jeli yangu. Kaimwagia krimu. Alipomaliza akauliza mbona haina sukari, na mbona meno yake ya buluu.

Jumatano, 20 Machi
Jeli ya pili. Karatasi sina, mama hanunui. Nimetumia mitihani yangu ya hesabu, nyuma mitupu. Rangi nje, hesabu ndani. Hatimaye ile mitihani ina faida. Bahasha kumi, nzuri hadi nataka kujitumia mwenyewe.

Ijumaa, 22 Machi
Nimezigawa zote. Asger kaiona moja, kaficha zake mfukoni. Wivu.

Alhamisi, 28 Machi
Nimekwisha. Bi Tove wa nyumba ya pili kaja mlangoni. "Villads mwanangu, bahasha yako nzuri mno, nimeona haya kuichana. Nikaikunjua niitundike ukutani. Ndani nikakuta jina lako. Na maksi zako. Pole, baba." Wote kumi wamefanya hivyohivyo. Mzee Holger, fundi baiskeli, kanisahihishia hadi swali la tatu. Sasa mayai kumi natoa mimi. Asger kapata sita, moja kutoka kwa mama yangu mzazi.

Jumapili, 31 Machi
Kibandani. Vidole havikunjiki kwa baridi. Panya wameanza na soksi. Asger kagonga dirisha kuuliza kama wenyeji wamenikaribisha chai. Sina mtu duniani.

Ila nimefikiri sana, na kosa nimelijua: jina langu. Shangazi Birgit anaolewa Mei, anataka bahasha arobaini za mialiko. Nimemwambia alale usingizi. Karatasi tayari ninazo. Droo ya baba imejaa barua za benki na za daktari, nyuma nyeupe kabisa, na nimezikagua moja moja. Jina langu halimo popote.